Kazi Aliyoshukuru Kabla Hajaipata

Nasimiyu alipenda kushukuru. Kuna watu wanaopenda kuimba na wanaopenda kupanga viti, na kila kanisa huwa na mmoja ambaye akiona kipaza sauti, mkono unajiinukia wenyewe. Katika ushirika wa Wakenya waliokuwa wakiabudu Mesaimeer, kule Qatar, mtu huyo alikuwa yeye. Ijumaa ndiyo iliyokuwa Jumapili yao, maana ndiyo siku ya mapumziko Doha, na ukumbi ulikuwa wa kupokezana: Wakenya wakitoka, Wafilipino wanaingia. Kwa hiyo ushuhuda ulitakiwa kuwa mfupi. Nasimiyu hakuwahi kuwa mfupi. Alishukuru kwa jino lililoacha kuuma, kwa mbuzi wa mama yake kule Webuye aliyepotea akarudi na mwingine asiyejulikana ni wa nani, kwa lifti ya hoteli iliyokwama naye ndani ikafunguka. Wafilipino walisimama mlangoni na magitaa yao wakitabasamu, kwa uvumilivu ambao mimi nisingekuwa nao.

Siku za kazi alikuwa mpiga pasi. Alikuwa amekuja Doha mwaka 2009, akawekwa katika chumba cha chini cha hoteli moja ya wastani pale Al Sadd, chumba chenye mvuke mwingi na dirisha lisilofunguka. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo, mikono minene, na maneno ya kumtosha yeye na jirani. Kanzu nyeupe za wageni, zile ambazo mkunjo mmoja huonekana kutoka ng'ambo ya barabara, hakuruhusu mtu mwingine azishike. Akimaliza moja aliitundika, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaitazama kama mtu anayemtazama bibi harusi wake mwenyewe. Mshahara wake ndio uliokuwa ukimsomesha binti yake, Chelsea, chuo cha uuguzi huko nyumbani.

Mwanzoni mwa kiangazi cha 2014, hoteli iliamua kwamba nguo zitafuliwa na kupigwa pasi na kampuni ya nje. Mudiri, yaani meneja, alimwita ofisini akamwambia kwa upole, "Khalas, mama. Hapa hakuna pasi tena." Hakuwa mtu mbaya. Alimwombea kwa kafili, mdhamini wake wa kisheria, karatasi ya kumruhusu kutafuta mwajiri mwingine, jambo ambalo wengi walililia bila kulipata. Ila chumba cha wafanyakazi alitakiwa akirudishe mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, kama hana mahali pa kulala, tiketi ya kurudi Nairobi ilikuwa tayari.

Sasa, kwa watu wa namna hii kulikuwa na chama. Kiliitwa Tushikane, na wanachama wake wote walikuwa wa kanisa lile lile. Chama kilikuwa kimepanga kitanda kimoja katika fleti moja nyuma ya maduka ya Al Sadd, na sheria ilisema wazi kwamba mwanachama akipoteza kazi bila kosa lake atapewa kitanda hicho na chakula mpaka apate kazi nyingine. Mwenyekiti alikuwa Philip, msimamizi wa walinzi katika jengo moja la maduka, mwanamume mwembamba aliyevaa tai hata akienda kununua mkate. Mwandishi alikuwa Damaris, aliyejulikana kama karani wa kampuni ya vigae, mwenye miwani na mwandiko ambao watu walisema ungefaa kuwekwa kwenye fremu. Nasimiyu alikuwa amechangia tangu siku ya kwanza. Alichotakiwa kufanya ni kuomba tu.

Lakini kabla ya kuomba ikafika Ijumaa.

Mchungaji wao, Fabian, alikuwa amefundisha kwa majuma kadhaa kwamba anayemwomba Mungu kitu sharti akipokee kwa imani, ashukuru kabla hajakiona, na akieleze kikamilifu, kwa sababu Mungu si wa kukisia. Siku hiyo aliuliza kama kuna mwenye neno la shukrani. Hakuna aliyeinua mkono. Watu walifanya walichozoea kufanya kila juma, wakageuza vichwa wakamtazama Nasimiyu. Na Nasimiyu, aliyekuwa amepoteza kazi siku tatu tu nyuma na hajamwambia mtu isipokuwa Carolyne aliyelala naye chumba kimoja, akasimama.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina," wakaitikia.

Akamshukuru Mungu kwa kazi mpya. Alikuwa amepewa usimamizi wa chumba cha pasi, katika hoteli mpya kule Lusail, kaskazini mwa Doha, ile iliyo karibu na maji. Makofi yakapigwa. Angeishia hapo, lakini makofi kwake yalikuwa kuni kwenye moto. Akasema kuna basi la kuwachukua, tena lenye ubaridi unaofika mpaka viti vya nyuma. Akasema yunifomu ni ya rangi ya damu ya mzee, na vifungo vya dhahabu. Akasema wanalala wawili wawili chumbani, si wanane kama wengi waliokuwa pale. Hapo akina mama walipiga vigelegele, Damaris akasimama kabisa kupiga makofi, na hata Mfilipino mmoja mlangoni akasema amina bila kujua ni ya nini. Carolyne, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku na kusinzia tangu wimbo wa kwanza, alizinduliwa na kelele, akapiga makofi kama wenzake.

Jumapili jioni Nasimiyu alipeleka ombi lake la kitanda. Jibu lilikuja kwa simu katikati ya juma, kwa maneno mazuri ya Damaris: "Dada Nasimiyu, kamati imepokea ombi lako. Kwa kuwa wewe mwenyewe ulitushuhudia kwamba umepata kazi Lusail, ombi limekataliwa. Tunafurahi pamoja nawe. Una haki ya kukata rufaa mbele ya wanachama Ijumaa ijayo, baada ya ibada." Chini yake kulikuwa na picha ya viganja viwili vilivyounganishwa kwa sala.

Nasimiyu aliisoma akiwa amekaa kitandani. Akampa Carolyne naye aisome. Carolyne alikuwa mpokea wageni wa hoteli ile ile, msichana wa Eldoret aliyesoma sheria mwaka mmoja kabla karo haijamshinda baba yake, na mwaka huo mmoja ulikuwa haujamtoka mwilini. Mtu akigombana na mwenye duka juu ya chenji, Carolyne aliuliza kama kuna mashahidi.

"Anti," alisema polepole, "nani alikuambia utaje vifungo?"

"Mchungaji alisema tueleze kikamilifu."

"Sasa umejieleza mpaka ukajifunga."

Mazoezi yakaanza jioni hiyo. Carolyne alijifunga taulo shingoni iwe tai, akakaa kwenye sanduku la nguo, akawa Philip. Nasimiyu alisimama kati ya vitanda viwili, mikono nyuma.

"Dada Nasimiyu," alisema Carolyne kwa sauti nzito, "hilo basi lilikuwa la rangi gani?"

"Jeupe."

"Uliliona?"

"Kwa imani."

"Nani alikuwa analiendesha?"

Nasimiyu alifikiri. "Mhindi mmoja wa Kerala, mtaratibu sana."

Carolyne alivua taulo. "Anti, umeanza tena. Nikikuuliza swali moja unaniletea na dereva."

"Si umeniuliza?"

"Nimekuuliza ili ukatae. Rufaa ni kukataa."

Walirudia tena na tena. Kila walipojaribu, waliishia kwenye ukuta ule ule, na Carolyne ndiye aliyeueleza. "Shida iko hivi. Ukisema ile kazi ni ya kweli, huna kitanda. Ukisema ulidanganya, huna kanisa. Lazima tupite katikati."

"Katikati kuna nini?"

"Kuna imani. Tutasema ulikuwa na imani. Imani si uongo, na imani si ajira. Hakuna mtu aliwahi kulipwa mshahara wa imani." Alipendezwa sana na maneno hayo, akayaandika kiganjani kwa kalamu ya hoteli.

Ilibidi mchungaji aitwe awe shahidi. Fabian alikuja baada ya kazi, akapewa chai na kiti kimoja kilichokuwapo. Uchungaji wake ulikuwa wa Ijumaa tu. Siku nyingine alikuwa fundi wa kufunga vyuma vya jukwaa wanalosimamia wajenzi, na kama ilivyotokea, jukwaa lenyewe lilikuwa Lusail.

"Mchungaji," Carolyne alianza, "hiyo hoteli karibu na maji unaijua?"

"Naijua."

"Imefika wapi?"

"Ghorofa ya nne. Paa bado."

Wanawake wale wawili wakatazamana. Nasimiyu alikuwa ameichagua hoteli hiyo kutoka kwenye tangazo kubwa la barabarani, lililochorwa mitende, chemchemi na watu weupe wenye miwani ya jua. Haikumpitia akilini kwamba nyuma ya tangazo kulikuwa na nguzo tu.

"Na uliposikia anti yuko huko anapiga pasi," Carolyne aliendelea, "hukushangaa?"

Fabian alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. "Nilishangaa."

"Ukasema nini?"

"Nilisema amina."

"Kwa nini, mchungaji?"

"Watu walikuwa wameshasema," alijibu Fabian, na ukimtazama ungemhurumia.

Lakini kwa Carolyne hiyo ilikuwa bahati. Hoteli isiyo na paa haiwezi kuwa na chumba cha pasi. Kilichotakiwa ni ushahidi. Alhamisi alasiri Fabian akawabeba katika pikapu ya kampuni mpaka Lusail, jua likiwa kali kiasi cha kuunguza kitasa cha mlango, na Nasimiyu akajipeleka mwenyewe kwenye kontena lililokuwa ofisi ya pale. Ndani kulikuwa na karani mmoja Mhindi, feni mbili na mafaili.

"Kazi hakuna," alisema karani kabla hajasalimiwa.

"Sitafuti kazi," alisema Nasimiyu. "Nataka barua."

"Barua ya nini?"

"Kwamba sifanyi kazi hapa."

Karani aliweka kalamu chini. Aliuliza kama aliwahi kufanya kazi hapo akafukuzwa. Hapana. Kama aliahidiwa kazi akanyimwa. Hapana. "Sasa wewe hufanyi kazi hapa," alisema, akijaribu kuelewa, "na mimi niandike kwamba hufanyi."

"Na mhuri."

"Mama, watu wote wa Doha hawafanyi kazi hapa. Nikikupa wewe, kesho watakuja wote."

Nasimiyu alitaka kubishana, na kwa kubishana alikuwa na kipaji, lakini neno lile halikuwa na mahali pa kulishika. Alitoka nje. Carolyne akampiga picha mbele ya nguzo, jasho likimtiririka, kofia ngumu ya Fabian ikiwa imemkalia upande.

"Usitabasamu, anti. Huu ni ushahidi."

"Nani anatabasamu," alisema Nasimiyu, na kweli hakuwa anatabasamu. Alikuwa anazitazama zile nguzo. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, sanduku lake lilikuwa nusu limefungwa, na Chelsea alikuwa ameuliza kwenye simu asubuhi ile kama kuna tatizo, kwa kuwa sauti ya mama yake ilikuwa ndogo. Hakuna aliyewahi kumwambia Nasimiyu kwamba sauti yake ni ndogo. Aliogopa, na akaona uchungu kwamba anaogopa mbele ya jengo lisilo na hata paa.

Ijumaa, Nasimiyu hakuinua mkono ibadani. Wafilipino waliingia mapema kwa mara ya kwanza, wakapita wakimtazama kwa wasiwasi kama mtu anayeumwa.

Mkutano ulifanyika Al Sadd, katika chumba cha juu cha mkahawa wa Kerala ambao uliwaruhusu wakae ilimradi kila mmoja anywe chai. Wanachama walijaa mpaka kwenye ngazi. Rufaa ilikuwa haijawahi kukatwa tangu chama kianzishwe, na watu wengine walikuja na wageni. Philip aliketi katikati, tai imenyooka. Damaris aliketi kando yake, miwani puani, kalamu tayari.

Carolyne alisimama na kuonyesha picha ya nguzo. Simu ilizungushwa mkono kwa mkono, na kila aliyeipokea alivuta picha iwe kubwa ili auone uso wa Nasimiyu chini ya ile kofia.

"Mwenyekiti," alisema Carolyne, "je, pasi inapigwa wapi hapo?"

Philip alimrudishia simu. "Hoteli huajiri watu kabla ya kufungua," alisema. "Mimi nililinda jengo mwaka mzima kabla halijawa jengo."

"Na yunifomu?" aliuliza Damaris bila kuinua kichwa. "Alitaja vifungo. Mtu hawezi kujua vifungo kama hajaviona."

Watu walicheka. Carolyne akasema kwa sauti ya mahakama kwamba imani si uongo na imani si ajira, akaangalia kiganja aseme la tatu, akakuta jasho limelifuta. Akamwita mchungaji. Fabian alisimama akaeleza kwamba imani ni kuwa na hakika ya mambo, na kwamba yeye binafsi alikuwa na hakika kuwa paa halipo, lakini pia hakutaka kumzuia Mungu. Akakaa. Hakuna aliyejua alikuwa shahidi wa upande gani, na nadhani hata yeye hakujua.

Philip akakohoa. "Dada Nasimiyu, tusizunguke. Nakuuliza mwenyewe. Siku ile uliposimama, ulikuwa na imani kwamba umepewa kazi hiyo?"

Jibu lilikuwa tayari. Walikuwa wamelifanyia mazoezi mpaka jirani wa ukutani akagonga. Ndiyo, Mwenyekiti, nilikuwa na imani, na nangojea kuiona. Carolyne alimwashiria kwa kichwa aseme.

Nasimiyu alisimama, akawatazama watu waliokuwa wakimtazama, na jibu lile likakataa kutoka.

"Hapana," alisema. "Sikuwa na imani yoyote."

Carolyne alifunika uso.

"Nilikuwa na aibu," Nasimiyu akaendelea. "Mchungaji aliuliza nani ana shukrani, nyote mkanigeukia. Mnanigeukia kila Ijumaa. Siku ile sikuwa na kitu. Nilikuwa nimefukuzwa kazi, nimetoka kulia chooni nikanawa. Ningesema nini? Ningewaambia Nasimiyu leo hana? Nikatoa la hoteli. Mkapiga makofi. Nikaongeza basi." Aliweka mikono nyuma kama kwenye mazoezi. "Basi nilidanganya kanisani, na huo ndio ukweli wote. Kitanda mkininyima sawa. Lakini kazi sina."

Mkahawani chini sahani ziligongana. Philip aligusa tai yake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa swali. Kisha mzee mmoja dereva, aliyekaa karibu na ngazi, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba yeye angesema vile vile, ila bila vifungo. Watu wakacheka tena, lakini safari hii walikuwa wakicheka naye. Philip akaitisha mikono. Ikainuka chumba kizima, hata ya wageni wasiokuwa wanachama, na mhudumu aliyekuwa akileta chai aliinua wake kwa tahadhari asije akabaki peke yake.

"Rufaa imekubaliwa," alisema Philip. "Mwandishi, andika."

Damaris hakuandika. Alivua miwani akaiweka juu ya meza.

"Mwenyekiti, kabla sijaandika. Ijumaa ya Pasaka nilimshukuru Mungu kwa kupandishwa cheo."

"Tunakumbuka," alisema Philip. "Tulikula keki."

"Ofisi ilikuwa imefungwa juma lile lile. Tangu siku hiyo sina kazi. Nalala jikoni kwa rafiki, wakimaliza kupika." Alisema kwa sauti ile ile ya kusoma taarifa za mkutano, na labda ndiyo sababu hakuna aliyemkatiza. "Dada Nasimiyu aliposhuhudia, nilimwamini. Jumamosi asubuhi nilikwenda Lusail kuuliza kama hoteli yake ina nafasi nyingine, hata ya kufagia. Nikakuta nguzo. Nikadhani nimekosea hoteli. Nikazunguka pale mchana kutwa, natafuta yenye paa."

Nasimiyu alishika mgongo wa kiti. Uongo wake aliuona siku zote kama kitu alichomfanyia Mungu, na kwa Mungu alikuwa ameshaomba msamaha mara nyingi. Hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mtu mwingine ndani yake, mwanamke mwenye miwani, akitembea juani kati ya mashine za ujenzi kwa ajili ya maneno yake matamu. Aibu ya kufukuzwa kazi ilikuwa kitu kidogo kando ya hii. Alitamani yale makofi yangekuwa kitu cha kurudisha, ayarudishe yote.

Philip alisema, kwa taabu, kwamba chama kina kitanda kimoja. Akasema sheria haikufikiria wawili. Akaanza kusema kuhusu kikao maalumu.

"Mwenyekiti," alisema Nasimiyu, "hicho kitanda ni cha upana gani?"

"Cha mtu mmoja."

"Mtu mmoja kama nani? Kama wewe au kama mimi?"

Philip alimtazama, akamtazama Damaris. "Kama mimi," alikiri.

"Basi tutalala mzungu wa nne," alisema Nasimiyu. "Kichwa changu huku, chake kule. Chakula cha mmoja tutagawana. Naye asiponitaka, kitanda ni chake, mimi niende huko jikoni."

Alimwendea Damaris, akasimama mbele ya meza, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamfahamu hakupata la kuanzia. "Nisamehe," alisema mwishowe, na hakuongeza kitu.

Damaris alivaa miwani. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba rufaa imekubaliwa na kwamba kitanda kimepewa wawili, akapiga mstari chini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ni nani atakayelala upande wa ukuta.

"Wewe," alisema Nasimiyu. "Mimi huamka mapema. Na kesho tunaamka wote, tukatafute kazi."